Kuupunguza Uzito Mfuko wa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Filimbi ile itakuwa yangu.

Niandike vizuri, nisije nikasahau nilikoanzia nitakapokuwa mtu mkubwa. Jana baada ya chakula cha mchana baba mkwe alitangaza kwamba magoti yamemchoka. Safari ya mlimani ya wiki ijayo ndiyo ya mwisho kwake kuongoza. Jumapili asubuhi, kileleni, mbele ya kikundi chote cha matembezi, ataivua filimbi yake ya shaba shingoni na kumvisha kiongozi mpya. Mimi na shemeji, mwanawe wa kiume, tukauliza kwa pamoja ni nani. Mzee akasema bado anatutazama. Kiongozi, akasema, ni yule anayebeba mzigo wake bila kulalamika, na halafu kitu kingine kuhusu mzigo wa mwenzake.

Hicho kitu kingine sikukisikia vizuri, kwa sababu shemeji alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni na kutoa kitanda chake. Mfukoni! Mfuko mpya wa kulalia, umekunjwa ukawa kama chungwa. Akaurusha hewani, akaudaka. Akasema vifaa vyake vyote vya kulalia, pamoja na godoro la kujaza upepo, havifiki kilo moja. Kisha akaniuliza, mbele ya watu, kama mimi bado nitapanda na lile furushi la baba.

Lile furushi ni mfuko wa kulalia ambao baba mkwe alinipa siku ya harusi yangu. Alinipa mimi, hakumpa mwanawe. Alilala ndani yake miaka yote aliyokuwa mpima ardhi huko maporini. Nje turubai, ndani manyoya ya bata, na zipu ya chuma ambayo ukiifunga jirani anaamka. Siku ile nilijiona nimetawazwa. Shemeji hajawahi kunisamehe, na mimi sijawahi kumwomba anisamehe.

Lakini ni mzito, lazima niseme ukweli. Leo nimeupeleka kazini na kuuweka kwenye mizani ya vifurushi. Mshale ulikwenda, ukaenda, mpaka nikaona aibu mimi. Kilo nne na ushei! Bosi akapita, akauliza mzigo huo unapelekwa wapi. Nikasema mlimani. Akasema huko hatufikishi, nimrudishie mteja.

Ukweni mimi huitwa "yule wa vifurushi". Wanasema bila ubaya, ndiyo inavyouma zaidi. Kiongozi mwenye filimbi shingoni hawezi kuitwa yule wa vifurushi. Nataka siku moja mzee aseme mbele ya watu: huyu ni mwanangu. Basi. Sitaki kingine. Na filimbi.

Jumanne, 4 Juni

Nimesoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Siri nimeipata!

Wapanda milima wajanja hawalali ndani ya mfuko mzima. Manyoya yaliyo chini ya mgongo hubanwa na mwili yakawa bapa, hayaleti joto lolote. Mzigo wa bure! Kwa hiyo wanakata upande wote wa chini, wanabaki na upande wa juu, wanajifunika kama shuka na kujifunga kwa mikanda ya mpira. Joto lilelile, uzito nusu. Godoro la sponji nalo linakatwa liishie kiunoni, miguu inalala juu ya shanta tupu la mgongoni. Maisha yangu yote nimekuwa nikilalia mali iliyokufa.

Nilimweleza mke wangu, lakini kama mawazo ya watu wengine, ili nipime upepo. Saluni yake ni chumba chetu cha mbele. Alikuwa anasuka mteja, kitana mdomoni. Akauliza bila kugeuka kama nazungumzia mfuko wa baba. Nikasema nazungumzia sayansi. Akasema sayansi isiuguse mfuko wa baba. Mteja naye akadakia kwamba mume wake alianza hivyohivyo na pasi, na sasa wanakwenda kunyoosha nguo kwa jirani.

Wasuluhishi wa matatizo huwa hatueleweki mapema.

Nitakata Alhamisi, siku mke wangu anapokwenda sokoni kununua mafuta ya nywele. Simfichi. Namwepusha na wasiwasi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekata!

Kazini niliaga kwamba jino linaniuma. Mke wangu alipokata kona tu, nikajifungia bafuni. Kwa nini bafuni? Dirisha dogo, hakuna upepo, manyoya hayana pa kukimbilia. Mtu mwingine angekatia sebuleni. Mimi naona mbali.

Mkasi wa jikoni uligoma kwenye turubai. Ikanibidi niazime mkasi wa saluni, ule mwembamba unaolala kwenye ala ya ngozi, ambao mke wangu haruhusu ukatie hata uzi. Unakata nywele tu, maisha yake yote nywele tu. Ulikata turubai vizuri sana. Mwanzoni.

Nilikosea jambo moja dogo. Nilidhani manyoya ya bata yatakaa palepale nitakapoyafungulia. Hayakukaa. Yalipanda yote kwa pamoja mpaka taa ikafifia. Nikapiga chafya, yakapanda tena. Nikafungulia bomba kidogo ili yatulie, na kweli yakatulia. Yalishikana mabonge, yakanata ukutani, kwenye miswaki, kwenye nyusi zangu.

Sikukata tamaa. Niliyazoa nikayatia kwenye foronya, nikaifunga fundo, nikaisukumiza ndani ya ile mashine ya saluni ya kukaushia nywele, yenye kofia kubwa ambayo mteja huingiza kichwa. Nikawasha moto wa mwisho, nikarudi kusugua bafu. Foronya ikaanza kuvimba. Na fundo, nakiri, nililifunga kwa haraka.

Mke wangu alirudi mapema. Mlangoni alimkuta mteja anamsubiri, akamketisha, akampaka mafuta kichwa kizima, na mimi nasugua tu sina habari. Kisha akaishusha ile kofia. Nilisikia ukelele mmoja.

Nilipofika mbio, mteja alikuwa mweupe kichwani kama bibi kizee, na anauliza kwa upole kama huo ndio mtindo mpya.

Mke wangu hakufoka. Hapo ndipo nilipoogopa. Alitazama foronya, akaenda kutazama bafuni, akaiona nusu ya chini ya mfuko imelala sakafuni, tupu. Akaniuliza huu si mfuko wa baba? Nikasema ulikuwa, sasa ni kifaa cha kisasa. Akashika kiuno. Kisha akauliza lile blanketi zito liko kabati gani. Nikamwambia la juu.

Nadhani ameamua yaishe.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi mbaya. Mteja wa kwanza alikuja kupunguzwa nywele, na mkasi ukazitafuna badala ya kuzikata. Mke wangu akauinua kwenye mwanga, akaona nyuzi za turubai zimenasa kwenye meno. Akaniuliza. Nikasema labda nywele za siku hizi ni ngumu. Alinitazama mpaka nikakumbuka kwamba nimechelewa kazini.

Jioni nimeshona. Manyoya yote niliyoyaokoa nimeyashindilia upande wa juu. Upande wa miguu nimeukata pia, kwa sababu mfuko ulikuwa mrefu mno. Baba mkwe ni mtu wa kuinama mlangoni. Mimi mlango haujawahi kunigusa. Kwa nini nimbebee mzee urefu wake mpaka kileleni? Nimejilaza sakafuni, nimejichora kwa chaki, nimekata kwa kipimo changu. Hivyohivyo godoro la sponji. Zipu ya chuma nimeing'oa yote. Kingo nimezibana kwa pini wakati nikisubiri mikanda ya mpira.

Mpini wa mswaki nimeukata. Kijiko pia nimekikata mpini. Nimejaribu kunywa supu na kile kilichobaki, nikajiunguza vidole vitatu. Lakini ni chepesi!

Mke wangu yuko saluni tangu alasiri, ameinama na sindano. Anashona wigi, nadhani. Nilipochungulia alifunika kazi yake kwa taulo. Ile nusu ya chini ya mfuko haionekani bafuni. Ameitupa, na heri, maana ilikuwa inaniangalia vibaya.

Jumamosi, 8 Juni

Mizani! Mfuko umepungua zaidi ya nusu! Nilipiga makofi peke yangu pale kaunta, mteja mwenye kifurushi akaungana nami kwa adabu.

Nimempigia shemeji kumjulia hali. Nikaitaja namba, kama bahati mbaya. Akanyamaza. Raha iliyoje, kumsikia yule akinyamaza! Kisha akasema ameshakata lebo zote za nguo zake. Nikasema mimi lebo nilizikata zamani. Nilipoweka simu nikazikata.

Imebaki kitu kimoja. Je, una joto? Mji huu una jua la kukausha nguo kwa saa moja. Pa kujaribia baridi ni mahali pamoja tu, napo nina rafiki.

Jumatatu, 10 Juni

Sijui niandikeje hili. Kama lilivyo.

Rafiki yangu muuza nyama, Bonge, ana chumba cha baridi nyuma ya bucha lake. Nikamwomba mapumziko ya mchana nilale humo kidogo. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema sawa, ila nisiguse maini. Nikatandika godoro langu fupi kwenye rafu ya chini, mbuzi wawili wananing'inia kulia, ng'ombe nusu kushoto. Nikajifunika mpaka usoni, nikafunga mikanda.

Niandike kwa herufi kubwa: NILIPATA USINGIZI. Mgongo ulikuwa wa baridi kiasi, magoti yaliganda, lakini usingizi ulikuja! Maana yake sayansi ni kweli.

Sasa, Bonge hakujua kwamba leo ndiyo siku ya bwana afya. Bwana afya naye ni mtu wa haraka, ana mabucha mengi ya kuzungukia. Aliingia na muhuri wake wa wino wa zambarau, taa ya mle ndani ni hafifu, akawa anapita anagonga: mbuzi, pa! Mbuzi, pa! Ng'ombe, pa! Akaona kitu kimefungwa turubai kwenye rafu. Pa!

Muhuri ulinigonga tumboni. Nikaamka, na kwa sababu nililelewa vizuri nikasema ahsante.

Bwana afya alitoka mbio na mlango. Wateja walitoka nyuma yake bila kuuliza. Bucha limefungwa mpaka lioshwe kwa dawa chini mpaka juu, na Bonge amenifukuza hadi kona ya barabara akiwa ameshika mfupa wa paja. Alikuwa anaita jina la mama yangu, ambaye anamheshimu sana siku nyingine.

Wino hautoki. Nimesugua kwa sabuni, kwa limau, kwa mafuta ya taa. Katikati ya mfuko wa baba mkwe, kwenye duara zuri, pameandikwa IMEKAGULIWA, INAFAA KULIWA.

Nitaugeuza upande wa ndani.

Jumatano, 12 Juni

Maji yamenifika shingoni.

Baba mkwe amepiga simu. Sauti laini, si kawaida yake. Amesema Jumamosi ndiyo mara yake ya mwisho kulala mlimani, na angependa alale ndani ya mfuko wake wa zamani. Usiku mmoja tu. Asubuhi utakuwa wangu tena. Nikauliza, kwa sauti isiyo yangu, mimi je nitalalia wapi. Akasema kwa shemeji yako, nyinyi ni ndugu, mtabanana.

Nikamwambia zipu imekuwa ngumu. Akasema anaijua zipu ile kuliko anavyonijua mimi. Nikasema unanuka. Akasema ni yeye huyo anayenuka.

Nikabuni mpango. Nikampigia shemeji, nikamsifia mfuko wake mpaka ulimi ukakauka. Nikamwambia mtoto mwema angempa baba yake kitu kizuri kama kile, siku kubwa kama ile. Shemeji alisikiliza yote. Kisha akasema kwa furaha kwamba baba ameomba mfuko ule mmoja tu, tena ameuliza kama nautunza, naye alimjibu baba asiwe na shaka, "yule wa vifurushi anautunza kama yai."

Anajua kitu. Sijui ni nani kamwambia. Mji huu wote unanunua nyama kwa Bonge.

Nimemwomba mke wangu ushauri. Nilikuwa tayari kusema yote, hata kuhusu muhuri. Alikuwa amefunika kazi yake kwa taulo lilelile. Akasema mimi ndiye mtaalamu wa kupunguza, basi nipunguze maneno, nimwambie baba ukweli. Nikasema nitafikiria. Ushauri mwingine hakuwa nao.

Ijumaa, 14 Juni

Kesho alfajiri tunaondoka. Shanta langu naliinua kwa kidole kimoja. La mke wangu limevimba kila upande, hata kamba zinalia. Nikamsomea, kwa upendo, juu ya gramu na magoti. Nikamshauri atoe nusu ya vitu. Akasema ahsante, akakaza kamba.

Mpango wangu: mzee atakuwa amechoka, kutakuwa na giza, atajifunika na kusinzia kabla hajagundua kitu. Nimeomba mvua kidogo pia, ili watu wawe na haraka.

Jumatatu, 17 Juni

Nimerudi. Mwili mzima unauma, na moyo pia. Niandike kwa utaratibu.

Kupanda kulikwenda vizuri. Nilitangulia mbele na shanta langu jepesi, napiga mluzi. Shemeji alinifuata nyuma kwa hatua mbili, na kila nilipoongeza mwendo naye akaongeza, mpaka tukafika kambini wawili tu, tumetoa ndimi nje. Wengine tuliwangoja sana. Wa mwisho kufika walikuwa baba mkwe na mke wangu. Yeye na lile shanta lake, mkono mmoja ameshika kiwiko cha baba yake.

Mvua haikunyesha. Mwezi ukatoka mkubwa kabisa, mtu angeweza kusoma. Na ndivyo ilivyokuwa. Baba mkwe aliufungua mfuko mbele ya watu wote, na mikono ya mpima ardhi haidanganywi na kitambaa kilichogeuzwa. Aliugeuza upande wake. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anasoma jiwe la mpaka: imekaguliwa, inafaa kuliwa.

Kikundi kizima kilivunjika mbavu. Shemeji alilala chini kabisa. Baba mkwe hakucheka. Alikuwa anapapasa nyuma ya mfuko, anatafuta mgongo wake. Akapapasa miguu. Akajifunika kuupima, na ukaishia kwenye muundi, soksi zake zote mbili ziko nje.

Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, sehemu nyingine iko wapi?"

Mwanangu! Mbele ya watu! Nilikuwa nimeisubiri kauli hiyo miaka yote, na ilipokuja nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kueleza juu ya manyoya yanayobanwa na mgongo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema yeye hakuutaka kwa sababu ya joto. Ndani ya mfuko ule ndimo alimokuwa amelala, mbali porini, alipoletewa habari kwamba amezaliwa binti. Hakupata usingizi usiku ule kwa furaha, akawa anafunga na kufungua zipu mpaka kukacha. Alitaka tu alale humo tena mara moja, na binti huyo akiwa karibu.

Nilisikia aibu. Si ile ya kuchekwa, hiyo nimeizoea. Nilisema samahani, na kwa mara ya kwanza sikuongeza neno lolote la sayansi.

Mke wangu akasogea. Alipiga magoti, akafungua shanta lake. Akatoa nusu ya chini ya mfuko. Nzima! Ameifua, ameijaza lile blanketi zito kwa ndani, ameipiga vifungo kuzunguka pande zote. Akatoa kipande cha miguu, nacho kina vifungo. Akatoa zipu ya chuma niliyoitupa kwenye pipa, ameishona upya, imenyooka. Wigi! Nilidhani ni wigi! Akaanza kufunga kifungo kimoja kimoja, baba yake amemshikia tochi, na mfuko ukarudi mrefu kama mwenyewe. Mwisho akamwekea chupa ya maji ya moto miguuni. Mzee akaingia, akafunga zipu, na kambi nzima ikaisikia. Akaifungua. Akaifunga tena.

Mimi na shemeji tulibanana. Mfuko wake wa chungwa tuliufungua tukajifunika wote wawili, miguu yake ya baridi kwenye miguu yangu ya baridi. Nilikuwa nimesahau pini za kubania kingo kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Godoro lake la upepo lilianza kulia psss. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni upepo tu. Baada ya muda tulikuwa tumelala juu ya mawe, tunatukanana kwa kunong'ona ili mzee asisikie.

Asubuhi kileleni baridi ilikuwa ya kuuma meno. Baba mkwe akavua filimbi. Mimi na shemeji tukasogea mbele pamoja, tukiwa tumepinda migongo kwa namna moja. Mzee akatupita katikati. Akamvisha mke wangu. Akasema alishasema, siku ile baada ya chakula, kwamba kiongozi ni yule anayebeba mzigo wake bila kulalamika na akiona wa mwenzake umeanguka anauokota. Huyu amebeba wake, wa baba yake na wa mume wake, na njia nzima hakumwambia mtu kwamba ni mzito.

Basi kile kitu kingine kilikuwa hicho.

Mke wangu akapuliza. Sauti ilivuka bonde ikarudi. Watu wote wakasimama wima, mimi wa kwanza. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Nilijisikia fahari, kweli kabisa. Nilijisikia pia kama mtu aliyeachwa na gari. Shemeji akaniegemea begani akasema angalau hakupata yeye wala mimi. Nikakubali kwamba hiyo ni faraja.

Wakati wa kushuka baba mkwe alitembea nami. Akaniambia mfuko bado ni wangu. Ila nisiukaribie na mkasi. Nikaapa.

Jumatano, 19 Juni

Nimekuwa mtu mpya. Mkasi wa saluni nimeupeleka kwa mnoaji, nikasimama hapo mpaka ukakata unywele mmoja ukiwa hewani. Bonge nimemwomba radhi na kumsaidia kuosha chumba cha baridi. Amesema atanisamehe akimaliza kunicheka. Mfuko uko kabatini, mzima, na sijaugusa.

Jambo moja tu limekuwa likinisumbua. Mke wangu anaivaa ile filimbi kutwa, hata saluni. Jana alipoinama kumwosha mteja kichwa ikamgonga kidevu. Nikamuuliza kama shingo haimuumi. Akasema hapana. Lakini yeye ni mtu wa kutolalamika, mbele ya kikundi kizima tumeambiwa hivyo! Nani basi atalalamika kwa niaba yake, kama si mumewe?

Asubuhi alipokuwa anaoga niliichukua mbio mpaka kazini, nikaiweka kwenye mizani. Shaba tupu! Mshale ulisogea! Nimeirudisha kabla hajajikausha nywele, nikiwa nahema.

Nimeichunguza vizuri njiani. Ndani yake kuna kijipira kidogo kinachobingirika ukipuliza. Nimetafakari kwa makini. Hakishiki kitu. Hakijashikamana na chochote. Kinazungukazunguka tu humo ndani, miaka yote hii, hakina kazi yoyote. Mzigo wa bure!

Nimempigia shemeji. Ana koleo ndogo yenye ncha nyembamba, na kwa mara ya kwanza tangu nioe tumekubaliana kwa kila neno.

Kesho ni Alhamisi. Mke wangu anakwenda sokoni, na filimbi amesema ataiacha kwenye msumari karibu na kioo.